USINUNUE LENZI KAMA MBUZI KWENYE GUNIA
Na Katibu wa Chama, Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, wahenga waliosema kuuliza si ujinga hawakukosea. Mimi sikuuliza, na kutouliza kwangu kulikigharimu chama chetu shilingi 7,500. Leo nimeshika kalamu ili wewe usije ukalia kilio nilicholia mimi.

Mnakumbuka kuwa chama chetu kilipewa kamera ya dijitali aina ya Canon EOS pamoja na lenzi yake ndogo ya 18-55. Lenzi hiyo ni nzuri kwa picha za kikundi, lakini siku ya michezo mkimbiaji akiwa upande wa pili wa uwanja hutoka mdogo kama siafu. Basi wanachama 40 tukachanga shilingi 200 kila mtu, zikawa 8,000, nami nikatumwa Nairobi nikatafute lenzi ndefu ya mtumba.

Kwenye kibanda kimoja nikaona lenzi ya 70-210, nzito, inang'aa, imeandikwa Canon. Nikatoa 7,500, nikajiona mjanja kuliko sungura. Shuleni, mbele ya wanachama wote, nikaitoa lenzi ndogo nikaiweka ile mpya. Wapi! Ikakataa katakata. Nikaizungusha huku na kule hadi mlezi wetu akaninyang'anya, akihofia nitavunja kamera. Kimya kikatanda. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Na pesa zetu je?" Niliporudi kwa muuzaji aliniambia tu, "Kijana, mali ikiuzwa hairudi."

Ndipo nikamwendea mzee mmoja mpiga picha hapa sokoni. Nilipomwamkia na kumwonyesha lenzi, alicheka, akanivutia kiti. Haya ndiyo aliyonifundisha, pamoja na yale niliyojisomea baadaye.

Kwanza, tazama mdomo wa kamera
Jina la kampuni peke yake halitoshi. Canon ilianza kutengeneza lenzi za FD mwaka wa 1971 kwa kamera za filamu. Mwaka wa 1987 ikaubadilisha mdomo wa kamera zake kabisa, ikaanza aina ya EF. Lenzi niliyonunua ilikuwa FD, na kamera yetu ni ya EF. Ni kama ndugu wawili wa jina moja wasiovaa kiatu cha saizi moja.

"Si niweke adapta, mzee?" nikauliza. Akatikisa kichwa. Kila aina ya kamera ina umbali wake maalumu kutoka mdomoni hadi pale picha inaponaswa. Lenzi ya FD inataka milimita 42, lakini kamera ya EF ina milimita 44. Tayari lenzi iko mbali mno, na adapta itaisogeza mbali zaidi. Utaona vizuri vitu vya karibu tu, mkimbiaji wa mbali atakuwa ukungu mtupu, isipokuwa adapta iwe na kioo ndani, na hicho nacho hupunguza ubora wa picha. Lenzi ya Nikon ya zamani, inayotaka milimita 46.5, huweza kuingia kwenye EF kwa adapta nyembamba, ila itakubidi ulenge kwa mkono.

Pili, tazama alama
Lenzi za EF zina nukta nyekundu. Zile za EF-S, zilizoanza mwaka wa 2003, zina mraba mweupe. Kamera kama yetu ina alama zote mbili, kwa hiyo inazikubali zote. Lakini kamera kubwa, ambayo sehemu yake ya kunasia picha inalingana na filamu ya milimita 24 kwa 36, ina nukta nyekundu tu. Usiilazimishe lenzi ya EF-S humo. Na lenzi za RF, zilizoanza mwaka wa 2018 kwa kamera zisizo na kioo cha ndani, haziingii kwenye yetu kamwe.

Wenye Nikon nao wana mtihani wao. Kamera ndogo kama D3000 hazina mota ya kulenga. Lenzi ya AF-S ina mota yake yenyewe, hivyo hulenga bila shida. Ukiweka AF-D itaingia vizuri, lakini kulenga utalenga kwa mkono.

Tatu, filta
Hapa pia nusura niteleze tena. Nilidhani lenzi ya 18-55 inataka filta, yaani kichujio, cha milimita 55. La hasha! Namba hizo zinaeleza jinsi lenzi inavyovuta picha, si upana wake. Tafuta alama ya duara lililokatwa na mstari, Ø. Yetu imeandikwa Ø58, basi filta yake ni ya 58.

Ukiwa na lenzi kadhaa, nunua filta ya ile pana zaidi, halafu ununue pete ya kupanulia kwa zile nyembamba. Usifanye kinyume, kwani filta ndogo kwenye lenzi pana hutia giza pembeni mwa picha.

Je, filta ipi? Ile ya kuzuia miali ya UV hukinga lenzi na vumbi, lakini kamera ya dijitali haiihitaji sana. Yenye faida kubwa ni polaraiza, inayopunguza mng'aro wa maji na majani na kukoleza samawati ya mbingu. Chagua iliyoandikwa CPL, maana ile ya zamani isiyo ya aina hiyo huweza kuikanganya kamera inapojilenga. Lenga kwanza, ndipo uizungushe filta, kwa sababu lenzi nyingi za bei nafuu huzunguka mbele zinapolenga.

Yule mzee aliinunua FD yangu kwa shilingi 3,500, kwani bado anayo kamera ya filamu inayoikubali. Likizo nzima ya Agosti nikachuma majani chai kwa mjomba hadi nikapata 4,000 zilizobaki. Nikazirudisha 8,000 za watu, zote. Safari ya pili nilikwenda na mlezi, kamera mkononi, tukaijaribu lenzi ya EF 75-300 palepale dukani kabla ya kutoa hata senti. Nayo ni Ø58, kwa hiyo filta moja itatosha lenzi zote mbili. Picha ya mkimbiaji mliyoiona kwenye ubao wa matangazo ilipigwa nayo.

Shime wenzangu, ukienda kununua lenzi beba kamera yako. Na ukishika pesa za watu, uliza mara mbili. Kwaherini, hadi toleo lijalo.