Fahamu: Kwa nini waliochangia Oculus walikasirika

Machi 2014 Facebook ilitangaza kuinunua Oculus, kampuni changa ya miwani ya uhalisia pepe, kwa dola bilioni 2 hivi. Oculus ilikuzwa na mashabiki: mwaka 2012 watu zaidi ya 9,500 waliichangia takriban dola milioni 2.4 kupitia tovuti ya uchangishaji ya Kickstarter, na aliyetoa dola 300 alitumiwa miwani ya majaribio. Baada ya tangazo la Facebook, Markus Persson, muundaji wa mchezo wa kompyuta wa Minecraft, alivunja mazungumzo na Oculus mara moja.

Mama muuza maharage wa Kiwanja, Rutshuru, anayetoa pesa zake za likelemba kila juma, angeuona uchungu wa wachangiaji upesi: kwenye likelemba, anayechanga ana zamu yake ya kupokea; hawa hawakuwa na zamu. Utasema hawa walipata miwani na hisa hawakuahidiwa. Kisheria ni kweli. Lakini walichohofia zaidi ni nani atakayeshika usukani, na hofu hiyo haikuwa ya kitoto. Mwanzilishi, Palmer Luckey, aliwatuliza kwamba hawatalazimishwa kuwa na akaunti ya Facebook. Agosti 2020 Facebook ikatangaza kwamba watumiaji wapya watahitaji akaunti hiyo. Sharti hilo liliondolewa 2022, zikaja akaunti za Meta, jina jipya la kampuni ya Facebook. Wachangiaji waliopata miwani ya majaribio walipewa miwani mpya ya Oculus, Rift, bure mwaka 2016: zawadi, tena ya hiari ya mwenye mali.