Tairi lako bado lina mifereji? Usijidanganye

Umepanga kwenda kukimbiza gari lako kwenye treki wikendi hii? Kabla hujalipa kiingilio, inama uangalie matairi.

Wengi hutazama mifereji tu. Ndani yake kuna vinundu vya mpira. Tairi likiisha hadi kulingana navyo, limebaki na milimita 1.6. Hapo, mvua kidogo tu na gari linateleza. Lakini treki huua tairi kwa joto pia. Linachemka, linapoa, na kila mara mpira unazidi kuwa mgumu. Mifereji itabaki poa, ila tairi halishiki lami.

Utajuaje? Bonyeza mpira kwa ukucha. Ukiwa mgumu kama plastiki, shtuka. Soma pia tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23, mwaka wa 2019. Ukiwa kwenye treki, kama kona uliyoimudu asubuhi sasa inakusukuma nje, pima upepo kwanza. Upepo ukiwa sawa, mshukiwa ni tairi.

Kisha kagua kingo zote mbili, hata ya ndani isiyoonekana. Treki yenye kona nyingi za kulia hula zaidi matairi ya kushoto. Ukiona nyuzi au waya, simama hapo hapo. Hakuna cha "raundi moja ya mwisho".

Na kumbuka, msee: kama hukubeba mengine, matairi hayo hayo ndiyo yatakurudisha nyumbani jioni, mvua inyeshe isinyeshe.