Jina lililofichwa, ushuhuda ulio wazi



Siku hizi mwalimu akitupa kazi ya istoria ao ya jeografia, wengi kati yetu hawaanzii tena kwenye bibliyoteki. Wanafungua telefone, wanaandika neno moja, na mara wanajikuta ndani ya Wikipedia. Wanakopi, wanarudisha kazi. Mwalimu anauliza: "Nani aliandika mambo haya?" Kimya. Na kweli ni vigumu kujibu, kwa sababu wengi wanaoandika mule hawatumii jina walilopewa na wazazi wao. Basi ulizo letu ni hili: maneno ya mtu asiyejulikana yanaweza kuaminiwa namna gani?

1. Kazi inafanywa namna gani

Wikipedia ni kamusi elezo, ndiyo kusema kitabu kikubwa cha maarifa ya kila namna, lakini kinasomwa kwa intaneti. Ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Waandikaji wake ni watu wa kujitolea, hawapati mshahara. Karibu kila mtu anaweza kuandika, na anaweza kusahihisha yaliyoandikwa na mwingine. Kila badiliko linawekwa akiba pamoja na tarehe na saa yake, hata mtu anaweza kurudi nyuma na kuona makala yalikuwa namna gani mwaka uliopita.

Wengi wanajichagulia jina la kubuni. Juu ya nini wanajificha? Wengine hawataki sifa. Wengine wanaogopa, tena woga wao una sababu. Mwezi wa 3 mwaka 2022, kule Belarus, jina la mwandikaji mmoja lilitangazwa hadharani, kiisha polisi wakamkamata kwa ajili ya mambo aliyoandika juu ya vita ya Ukraine. Kwa hiyo kuficha jina si kosa lenyewe. Mara ingine ndio mlango pekee ambamo neno la kweli linaweza kupita.

2. Mlango huo huo unapitisha uongo

Lakini tusijidanganye. Mwezi wa 5 mwaka 2005 mtu asiyejiandikisha alitunga habari juu ya John Seigenthaler, mwandishi wa magazeti wa Marekani, ambaye zamani alifanya kazi pamoja na Robert Kennedy. Alisema kwamba Seigenthaler alishukiwa kuwa na mkono katika mauaji ya Rais John Kennedy na ya Robert mdogo wake. Ilikuwa uongo mtupu. Hata hivyo maneno hayo yalikaa pale zaidi ya miezi 4. Mwezi wa 11 mzee yule, mwenye miaka 78, alijitetea mwenyewe katika gazeti USA Today. Mtunzi wa uongo alipojulikana, alisema alitaka tu kumfanyia mchezo mwenzake wa kazi!

Wazee wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ndiyo, lakini miezi 4 ni mirefu sana kwa mtu ambaye jina lake linachafuliwa. Kiisha shauri hilo, Wikipedia ya Kiingereza ilikataza watu wasiojiandikisha kuanzisha makala mapya.

Tuangalie vizuri ubaya ulikuwa wapi. Mtu alificha jina, ni kweli. Lakini zaidi ya hilo, hakuonyesha hata kitabu kimoja, hata gazeti moja, na wote waliopita pale hawakumuuliza: "Umetoa wapi?"

3. Je, cheo kinatosha?

Wengine watajibu: "Basi tuwaachie maprofesa peke yao." Sikilizeni habari hii. Kulikuwa mwandikaji mmoja aliyejiita Essjay. Alisema yeye ni profesa wa dini katika universite, mwenye doktora ya teolojia. Watu walimheshimu sana, wakampa madaraka makubwa. Mwezi wa 7 mwaka 2006 gazeti The New Yorker lilitaja cheo chake kama jambo la kweli. Mwaka 2007 ikajulikana kwamba alikuwa kijana wa miaka 24, bila doktora, bila kiti cha uprofesa.

Mwanzoni Jimmy Wales hakuona neno, akisema ni jina la kubuni tu. Lakini alipofahamu kwamba kijana yule alikuwa ametumia cheo chake cha uongo ili kuwashinda wengine katika mabishano, alimwomba aache madaraka yake. Hapa ndipo kuna tofauti ambayo inafaa tuishike: kuficha jina ni jambo moja, kuvaa cheo cha uongo ni jambo lingine. Anayeficha jina anasema, "Msiniangalie mimi, angalieni ushuhuda." Anayevaa cheo cha uongo anasema, "Msiangalie ushuhuda, niangalieni mimi."

Wakati ule wengine walitaka diploma za waandikaji zichunguzwe. Shauri hilo halikukubaliwa. Sheria ilibaki ile ile: jambo linaloweza kubishwa shurti lionyeshe chanzo chake, hata kama mwandikaji ni profesa wa kweli.

4. Chanzo chema ni nini?

Chanzo chema ni maandiko yaliyotolewa na watu wanaojulikana kwa kuchunguza kabla ya kuchapa, tena wanaokubali kusahihishwa: kitabu cha wataalamu, jarida la universite, gazeti lenye sifa ya kusema kweli. Na shurti msomaji aweze kukifikia na kuhakikisha mwenyewe.

Sheria hii ni kali, hata kwa wakubwa. Mwaka 2012 Philip Roth, mtunzi mashuhuri wa Marekani, aliona kwamba Wikipedia inasema vibaya juu ya asili ya kitabu chake The Human Stain. Alitaka kusahihisha. Akajibiwa kwamba neno lake peke yake halitoshi, chanzo kingine kinahitajiwa. Kumbe mtu anakataliwa juu ya kitabu alichoandika yeye mwenyewe! Roth alitoa barua ndefu kupitia The New Yorker, na kwa kuwa barua hiyo ilikuwa imetangazwa, kila mtu aliweza kuisoma na kuitaja. Makala yakasahihishwa. Tunaweza kumcheka yule aliyemkataa, lakini tufikiri: kama mtu angeandika tu, "Mimi ni Roth," nani angejua kama ni yeye kweli?

Tena kuna mtego mwingine. Mwezi wa 2 mwaka 2009, kule Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg aliwekwa kuwa waziri. Bwana huyu ana majina mengi sana. Mtu asiyejulikana akaongeza jina "Wilhelm" katikati yao ndani ya Wikipedia. Magazeti yakakopi bila kuchunguza. Kiisha watu wa Wikipedia walipouliza chanzo, wakaonyeshwa magazeti yale yale! Uongo ulikuwa umezunguka na kurudi nyumbani umevaa nguo ya kweli. Kwa hiyo kuhesabu mashahidi haitoshi. Mashahidi 10 waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja tu.

5. Na kwetu sisi?

Mambo haya si ya Ulaya na Marekani tu. Sisi tuna "radio trottoir". Habari inatoka sokoni, inapita kwenye parselle, jioni inafika shuleni, na kila mtu anasema, "Wote wanasema hivyo." Mara ingine ni karatasi bila jina inayopitishwa chini ya mlango, inamshitaki mwalimu ao mwanafunzi mwenzetu. Kuitupa bila kusoma si vizuri, maana pengine aliyeandika ni mdogo anayeogopa mkubwa. Kuiamini mara moja ni vibaya zaidi. Inafaa kuuliza: inaonyesha nini? Siku gani? Nani aliona? Tunaweza kwenda kuhakikisha? Kama hakuna jibu, tusiharibu jina la mtu.

Mwenye kusoma Injili ya Luka afungue sura ya kwanza. Mwandikaji hataji jina lake mwenyewe ndani ya kitabu. Ni mapokeo ya kanisa yanayomwita Luka. Lakini tangu mwanzo anamwambia Teofilo alikotoa mambo yake: kwa wale walioona kwa macho yao, na alichunguza yote kwa uangalifu. Jina halionekani, njia ya kufikia mashahidi inaonekana.

Iko shida moja ambayo inatugusa sana. Mambo mengi ya inchi yetu hayakuandikwa. Mzee anajua asili ya kijiji, lakini hakuna kitabu cha kutaja, basi kijiji hakiingii ndani ya kamusi elezo. Je, neno la mzee ni bure? Hapana. Jan Vansina, mtaalamu wa istoria kutoka Ubelgiji, alifanya kazi kwa Wakuba wa Kasai tangu miaka ya 1950, na katika kitabu chake cha mwaka 1961 alionyesha kwamba masimulizi ya mdomo ni chanzo cha istoria, kama yanachunguzwa na kulinganishwa. Kwa hiyo likizo ikifika, tuwaulize wazee wetu. Tuandike jina la msemaji akikubali, mahali, na tarehe. Tulinganishe mzee mmoja na mwingine. Kazi kama hiyo ikichunguzwa na kuchapwa vizuri, siku moja itaweza kutajwa.

Na kwa kazi za kalasi, tufanye hivi: Wikipedia iwe mlango, isiwe nyumba. Tushuke mpaka chini ya makala, tuone vyanzo vilivyotajwa, tuvitafute, tuvisome. Jambo lisilo na chanzo tusilikopi. Na mwalimu akiuliza, "Nani aliandika mambo haya?" tuweze kujibu: "Bwana mwalimu, jina lake sijui, lakini ushuhuda wake ni huu hapa, nimeusoma mwenyewe."