Ute ukeni: upi wa kawaida, upi wa kutibiwa

Miezi kadhaa kabla ya kuvunja ungo, binti huanza kuona majimaji kwenye chupi. Aghalabu hakuna aliyemtayarisha. Hudhani anaumwa, hufua kwa kujificha, na akithubutu kumuuliza shoga yake huambiwa ajisafishe mpaka ndani. Inauma kuona matatizo mengi yakianzia kwenye ushauri huo.

Ute huo huletwa na homoni ya estrojeni, na ni dalili ya mwili unaokua salama. Ukeni huishi bakteria walinzi waitwao laktobasili, ambao daktari Mjerumani Albert Döderlein aliwaeleza mwaka 1892. Hutengeneza asidi inayozuia vijidudu vya maradhi kustawi. Sabuni, ndimu au shabu ikiingizwa ndani huwavuruga, na maradhi hupata mwanya. Nje pakioshwa kwa maji safi, inatosha. Ndani hujisafisha penyewe.

Ute wa kawaida haufanani mwezi mzima. Yai linapokaribia kupevuka huwa mwepesi, unateleza na kuvutika kama ute wa yai la kuku. Siku nyingine huwa mzito, mweupe. Ukikaukia kwenye nguo huacha doa la manjano hafifu, nalo si ugonjwa.

Kinachotakiwa kushtua ni mabadiliko. Mabongebonge meupe yenye muwasho mkali mara nyingi ni fangasi, na hata bikira huwapata, hivyo mama asikimbilie kumshuku mwanawe. Majimaji ya kijivu yenye shombo huashiria bakteria wengine wamewazidi walinzi. Yakiwa ya kijani au manjano, pengine na povu, huenda ni trikomona, ugonjwa wa zinaa ambao mwenzi naye lazima atibiwe.

Kisonono na klamidia ndizo zinazonitia hofu zaidi. Wanawake wengi wenye maradhi hayo hawaoni dalili yoyote, huku maambukizi yakipanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuweza kuleta ugumba. Aliyewahi kujamiiana bila kondomu akapime, hata kama hajioni mgonjwa.

Na dawa za kubahatisha dukani? Antibayotiki haiui fangasi. Huweza hata kuwachochea, kwa kuwa huua wale walinzi. Afadhali uende kituo cha afya. Huko mhudumu atauliza rangi, harufu, muwasho na tarehe ya hedhi ya mwisho, pengine achukue kipimo kwa pamba. Ila ukiwa na maumivu chini ya kitovu pamoja na homa, au una mimba, nenda siku hiyohiyo.