Pedeli ya Klachi Ikilegea: Pima Kwanza, Lipa Baadaye

Msimu wa pamba unapofunguliwa mkoani Simiyu, malori hupishana kutoka maghala ya AMCOS vijijini kwenda viwanda vya kuchambua pamba. Mwenye lori anayefika gereji ya Somanda na pedeli iliyolegea huwa na haraka, kwa kuwa kila siku lori linapolala ni mapato yanayopotea. Haraka hiyo humfanya akubali giaboksi ishushwe na pleti mpya inunuliwe, ilhali kasoro imo katika mafuta. Tunaeleza hapa namna ya kuitambua kasoro kabla ya kulipa.

Klachi ya mafuta inavyofanya kazi

Pedeli inapokanyagwa husukuma pistoni ya silinda ya juu, ambayo mafundi huiita klachi masta. Masta husukuma mafuta ya breki kupitia bomba hadi silinda ya chini, iliyo kando ya giaboksi. Silinda hiyo nayo husukuma uma unaoiachanisha pleti na injini. Mafuta hayashindiliki, lakini upepo hushindilika. Upepo ukiingia au mafuta yakivuja, mguu huzama bila klachi kuachia, na gia hugoma au kukwaruza. Pedeli iliyo nzito kuliko kawaida ni dalili ya kasoro nyingine. Usiichanganye na hii.

Vipimo vinne

Egesha lori mahali tambarare, zima injini, weka gia huru, vuta breki ya mkono na uzuie magurudumu kwa mawe au magogo.

1. Tazama kopo la mafuta. Kuchakaa kwa pleti hakupunguzi mafuta ya klachi. Yakipungua, yanavuja. Yakiwa meusi au yenye tope, yamechoka.

2. Kanyaga pedeli mara kadhaa mfululizo. Ikikaza kisha ikalegea tena baada ya muda, shuku upepo. Ikizama polepole chini ya mguu uliotulia, na hakuna mvujo unaoonekana, shuku mipira ya ndani ya masta.

3. Tafuta unyevu. Mafuta nyuma ya pedeli, ndani ya kabini, huonyesha kwamba masta inavuja. Mafuta chini ya kifuniko cha mpira cha silinda ya chini huonyesha kwamba silinda hiyo ndiyo inayovuja. Kagua pia kama mpira wa bomba unavimba pedeli inapokanyagwa.

4. Mwombe utingo akanyage pedeli huku fundi akitazama fimbo ya silinda ya chini. Ikisogea kidogo tu, kasoro iko kwenye mafuta. Ikisogea kikamilifu na gia bado zikagoma, hapo ndipo kuna sababu ya kuzungumzia kushusha giaboksi.

Kutoa upepo

Jaza kopo kwa mafuta ya breki ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko chake au katika kitabu cha gari, kwa mfano DOT 3 au DOT 4. Chomeka mpira mwembamba kwenye skrubu ya kutolea upepo, na uzamishe ncha yake katika chupa yenye mafuta hayo. Mmoja akanyage na kushikilia pedeli. Mwingine afungue skrubu, kisha aifunge kabla pedeli haijaachiwa. Rudieni hadi mapovu yaishe, mkiongeza mafuta ili kopo lisikauke. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe.

Upepo ukirudi baada ya siku chache, pana mahali panapovuja. Mipira ibadilishwe, na iwapo ukuta wa silinda umelika, inunuliwe silinda nzima. Kamwe usikubali oili ya injini ichanganywe humo, wala mipira ioshwe kwa dizeli: huvimba na kuharibika. Vilevile, katika baadhi ya magari klachi na breki hutumia kopo moja. Kwa magari hayo, mvujo wa klachi unaweza kudhoofisha breki, hivyo lori lisipakiwe mzigo kabla halijatengenezwa.

Haki zako gereji

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma. Kwa hiyo:

• Mtake fundi akuonyeshe kipimo cha nne kabla ya kukubali giaboksi ishushwe.
• Kubalianeni bei ya vipuri na ya ufundi kwa maandishi.
• Nunua mafuta ambayo lakiri ya chupa haijafunguliwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hivyo chupa iliyokaa wazi haifai.
• Chukua vipuri vya zamani na udai risiti ya EFD. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha ulichouziwa.

Ukiuziwa kipuri bandia, kihifadhi pamoja na kasha lake na risiti, kisha uwasilishe malalamiko yako Tume ya Ushindani. Chupa ya mafuta na nusu saa ya vipimo vinaweza kukuepusha na gharama ya kufungua giaboksi isiyo na kosa.