Jogoo Awikaye Berlin, Nyumbani Hasikiki

Hebu msomaji, ingia katika mkahawa wowote pale Githongo, Imenti ya Kati, siku watu wametoka kupeleka majani chai, umwombe mwenyewe aondoe mugithi na akuwekee albamu iitwayo “Peel”. Kabla chai haijapoa, mzee mmoja atauliza kama redio imeharibika.

Mzee huyo hana makosa. Katika albamu hiyo hakuna gitaa, hakuna ngoma wala mwimbaji. Kuna mvumo mrefu unaojikunjua polepole, na ndani yake sauti zilizonaswa huku na huko, kama mtu anayesikiliza mji akiwa nusu usingizini.

Aliyeitunga si mgeni. Ni Joseph Kamaru, kijana aliyezaliwa Nairobi mwaka 1997, ambaye hujiita KMRU. Jina hilo wazee wa Mlima Kenya wanalijua, kwani ni la babu yake, Joseph Kamaru, mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki Oktoba 2018. Babu aliimba maneno mazito. Mwaka 1975 alimlilia J.M. Kariuki katika wimbo. Mjukuu hasemi neno. Albamu yake ilitolewa mwaka 2020 na kampuni ya Ulaya, Editions Mego, na mwaka huo huo akaenda Berlin kusomea sanaa ya sauti.

Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Huyu wetu anawika Berlin, ila nyumbani ndiko hasikiki. Naye si peke yake. Wako wanamuziki wengi wa majaribio ambao kazi yao inapita chini kwa chini, maana nyimbo zao hazina kibwagizo cha kuimbwa ndani ya matatu, na redio haina nafasi nao.

Basi mtu atawapataje? Kwa njia ile ile ya zamani. Enzi za santuri, aliyependa sahani moja alisoma karatasi ya katikati, akaona jina la kampuni, kisha akatafuta sahani nyingine za kampuni hiyo. Nawe fanya hivyo. Anza na Duma, yaani Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi, waliotoa albamu ya mayowe na vishindo mwaka 2020. Utaona kwamba ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mswahili asicheke, kwa Kiganda jina hilo ni hamu ya kucheza isiyozuilika. Kampuni hiyo ilianza mwaka 2016, baada ya tamasha la jina hilo kuanza Jinja, kando ya Mto Nile, mwaka 2015. Ukiifuata itakufikisha Dar es Salaam, kwenye singeli ya kasi ya “Sounds of Sisso” ya mwaka 2017, kisha Gulu kwa Otim Alpha, ambaye muziki wa harusi za Waacholi umehamia kwenye tarakilishi. Jina moja hukuzalia la pili.

Lakini je, huu ni muziki au ni kelele? Swali ni la haki. Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliizima Duma kabla haijafika nusu. Hata hivyo, sikio hufundishika. Jirani zetu Wachuka hubana ngoma ndefu mapajani wakazipiga bila gitaa, na hakuna anayeuliza kama zimeharibika. Mvua inapopiga mabati usiku, sote tunatulia kuisikiliza. KMRU hunasa sauti za namna hiyo, akazipanga.

Tena kuna jambo zito hapa. Mwaka 2022 KMRU alitoa albamu “Temporary Stored”. Aliitunga kutokana na sauti za Kiafrika zilizokusanywa enzi za ukoloni na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Wazee waliimba, mgeni akanasa, akaondoka nazo. Leo mjukuu anazifuata Ulaya. Tukiwapuuza vijana hawa, wajukuu wetu watafunga safari hiyo hiyo kutafuta sauti za leo.

KMRU ameonyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Nyimbo za babu yake amezirudisha hadharani kupitia intaneti, na yeyote mwenye simu aweza kuzisikia. Nawe kijana wa Githongo una kinasa sauti mfukoni. Watafute wenzako hawa, wasikilize, kisha ujaribu chako.

Na mzee akiuliza kama redio imeharibika, usimcheke. Mwambie, “Kaa kidogo, mzee, umalize chai yako.”