Tochi kali, lakini changa la macho!

KUNA mshikaji wangu mmoja, jina namhifadhia maana bado anatafuta mchumba, alitinga harusini kavaa kiatu kimoja cheusi na kingine cha kahawia. Umeme ulikatika saa kumi na mbili na nusu jioni, akavalia kwa tochi. Kule chumbani aliona vyote vyeusi. Alipofika ukumbini chini ya yale mataa, akaumbuka mchana kweupe usiku.

Yeye analaumu macho yake. Mimi nasema mchawi ni tochi. Na tochi yenyewe ilikuwa mpya, kainunua Kariakoo, mwanga mkali kama wa gari. Sasa kitu kikali namna hiyo kilishindwaje kutofautisha rangi mbili? Hapo ndipo wengi tunapoingizwa mjini.

Sikia bwana. Ile taa nyeupe ya LED si nyeupe kama unavyodhani. Ndani kuna kipande kinachotoa mwanga wa bluu, halafu juu yake kumepakwa unga wa njano. Sehemu ya bluu ikipita kwenye unga inageuka njano, vikichanganyika jicho linaona weupe. Mjapani Shuji Nakamura ndiye aliyetoa taa ya bluu yenye nguvu mwaka 1993, akiwa na kampuni ya Nichia. Mwaka 2014 yeye na wenzake, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, wakazawadiwa Nobel ya fizikia.

Kasheshe ni kwamba mchanganyiko wa bei poa una bluu tele, njano tele, ila nyekundu kiduchu. Na kitu hakiwezi kukuonyesha rangi ambayo mwanga haukuileta. Nyekundu ikikosekana, kahawia inazama na kukaribia nyeusi, nyama inakuwa kama ya juzi, na kiganja chako kinafanana na cha maiti.

Uaminifu huo wa rangi una kipimo chake, kinaandikwa CRI. Jua na glopu ya zamani ya waya vinapata 100. Tochi nyingi za kawaida ziko kwenye 70 hivi. Nzuri zinaanzia 90. Wanaojua zaidi huulizia pia R9, alama ya nyekundu iliyokolea, ambayo kwenye LED za 70 mara nyingi inaanguka chini ya sifuri!

Usichanganye na Kelvini. Hiyo inakwambia mwanga ni wa namna gani tu: 2,700 ni wa manjano kama glopu, 5,000 unakaribia wa mchana, 6,500 unavuta kwenye bluu. Tochi mbili zenye 5,000 zinaweza kutofautiana kabisa, moja ina ukijani, nyingine uwaridi kidogo, moja mkweli, nyingine mwongo.

Sasa tuache kucheka viatu. Nyumba nyingi mjini zina nyaya za vizazi viwili. Za zamani, nyekundu ndiyo yenye moto na nyeusi ni nyutro. Za siku hizi, kahawia ndiyo yenye moto na bluu ni nyutro. Mpandishe fundi darini usiku na tochi ya bluu-bluu, kahawia yenye moto anaiona nyeusi. Hapo hachekwi mtu, hapo watu wanakwenda kununua sanda. Ndugu yangu, zima swichi kuu, pima kwa testa, halafu ndiyo uamini macho. Hata tochi ya CRI 95 si testa.

Najua kuna mjanja atasema, "Lakini hizo za rangi nzuri mwanga wake mdogo." Ni kweli, kwa umeme uleule zinatoa lumeni pungufu. Ila jicho halina hesabu kali kiasi hicho. Ili uone mwanga umeongezeka mara mbili, lumeni inabidi zipande mara nne hivi. Robo ikipungua, wala hushtuki.

Mwizi mwingine wa chaji yuko ndani ya tochi, kile kisahani cha saketi ambacho mafundi wanakiita draiva. Draiva ya bei chee haibadilishi volti, inachoma zinazozidi. Betri ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2, LED inataka 3 hivi. Piga hesabu: katika kila 100 zinazotoka kwenye betri, 71 tu ndizo zinazofika kwenye taa, 29 zinageuka joto la kukuunguza mkono. Betri ikishuka hadi 3.3, zinafika 91, lakini umeshapoteza. Draiva ya kubadili volti, ikiwa imetengenezwa vizuri, inafikisha 90 hivi hata betri ikiwa imejaa, na mwanga hautikisiki.

Na boksi nalo lisikuzuge. Kipimo cha FL 1 kinahesabu saa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Yaani "saa 20" zinaweza kujumuisha saa kibao za kimulimuli. Ukiona betri ya 18650 imeandikwa mAh 9,900, hiyo ni kanyaboya. Zilizo bora zinacheza kwenye 3,500 hivi.

Basi ukifika dukani, usimulike dari ukashangilia. Mulika kiganja chako, kama damu haionekani chini ya ngozi, irudishe. Mulika karatasi nyeupe, weka na tochi nyingine pembeni, ukijani utajitokeza wenyewe. Halafu punguza mwanga, pitisha vidole haraka mbele yake. Ukiviona vinakatika-katika kama sinema mbovu, mwanga huo unawaka na kuzima, na kichwa kitakuuma ukiusomea.

Muuzaji akikuna kichwa kwa maswali yako, poa tu, hela ni zako. Mshikaji wangu keshanunua nyingine. Ameanza kwa kumulika viatu.